Koti la Mama Mkaguzi

Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikakalishwa kwenye cherehani, na nimekaa hapo miaka arobaini na sita. Kwa hiyo Mwalimu wa Ushauri alipokuja chumbani kwangu kuniomba niwe mlezi wa mtoto aliyemaliza sekondari, nilidhani amekosea mlango. Nikamwambia, mwanangu, hao wamesoma kunipita, nitamfundisha nini? Akasema kusoma si shida yao. Shida ni kwamba shule inafungwa Ijumaa, na Jumamosi mtoto anaamka ni mtu mzima, hana wa kumwonyesha chumba cha kupanga kinatazamwaje wala bosi anasalimiwaje. Walikuwa wanatafuta watu wa mtaani wenye kazi zao, kila mmoja amshike mtoto mmoja kwa mwaka. Nesi, jirani yangu aliyestaafu hospitali, alikuwa ameshakubali. Fundi Bomba naye amekubali. Nikaona nikikataa nitabaki mimi tu.

Masharti yalikuwa machache. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakutana darasani, sisi wazee tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu yaguse videvu. Na siku mtoto atakaposimama mbele ya mwajiri, mlezi wake anasimama naye na kusema alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Hiyo waliiita kusemea. Mtoto wa mwenye nacho husemewa na baba yake kwa simu, alisema Mwalimu. Hawa watasemewa na sisi.

Mimi nilipewa binti mrefu, mwembamba, anayesimama wima hata akiwa amechoka. Wenzake walimwita Rula, na jina lilimkaa vizuri, maana na rula yenyewe haikumtoka mkononi. Alilelewa na shangazi yake, mama wa watoto sita. Siku matokeo yalipotoka shangazi alimpongeza, akampikia, na walipomaliza kula akamwambia godoro lake sasa litalaliwa na mdogo wa mwisho. Hakumfukuza. Alimwambia tu hivyo, na mtoto akaelewa.

Mwanzoni nilikuwa mlezi mzuri, hilo naweza kulisema bila kuona haya. Nilikwenda naye kutafuta chumba. Nilimwambia amtake mwenye nyumba afungue bomba mbele yake, na kwamba chumba kinatazamwa tena baada ya mvua, rangi ikiwa imeshasema ukweli. Nilimfundisha asitie sahihi karatasi asiyoisoma, mimi ambaye zangu nyingi nimezitia kwa kuona aibu kuomba nisomewe. Akapata chumba na wasichana wenzake wawili, na asubuhi akawa anakuja kwangu kujifunza kushona mpaka apate kazi.

Sasa niseme ninavyoshona. Mimi nakata kwa jicho. Natandika kitambaa, nakipiga chaki mara tatu nne, nakata. Ndivyo nilivyofundishwa, na watu wamevaa, wameolewa na wamezika wazazi wao katika nguo zangu. Rula alinitazama wiki mbili bila kusema kitu. Wiki ya tatu akaniuliza kwa adabu kama anaweza kujaribu njia nyingine. Akachukua karatasi za mifuko ya saruji, akazipangusa vumbi, akapiga mistari kwa rula yake, hesabu ubavuni, akakata karatasi kwanza ndipo akakata kitambaa. Nilicheka. Nikamwambia, mjukuu wangu, unamshonea karatasi au unamshonea mtu? Naye akacheka. Halafu akashona ile blauzi, akaipiga pasi, akaitundika, na kola, ambayo kwangu huinuka siku zote, ikalala pale shingoni imetulia kama paka aliyeshiba.

Blauzi ilikuwa ya mama mwenye duka la dawa. Aliivaa, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akasema, "Bibi, mkono wako umerudi ujana."

Rula alikuwa kwenye pasi, hatua mbili kutoka kwetu. Nilipaswa kunyoosha kidole tu. Badala yake nilicheka nikasema uzee nao una siku zake. Rula akatabasamu, nami nikajiambia ametabasamu kwa sababu ni utani wetu wawili. Nikajiambia tena kwamba chumba ni changu, cherehani ni zangu, mteja ni wangu, basi na sifa ni ya nyumba. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Baada ya hapo wakaja wengi. Kila aliyetoka alisifia kola, alisifia mabega, nami nikaitikia. Nilikuwa najua kabisa ni kilemba cha ukoka, lakini nilikivaa, na nilikizoea kichwani. Kwa miaka kumi hivi macho yangu yalikuwa yamepungua na wateja wamepungua nayo, kimyakimya, bila mtu kuniambia kwa nini. Sasa walikuwa wanarudi. Sikutaka kujua wanamrudia nani.

Ndipo akaja Mama Mkaguzi. Huyu alikuwa mkaguzi wa shule, mwanamke wa heshima, nimemshonea tangu hajaolewa. Alikuwa anakaribia kustaafu na alitaka koti, koti hasa, lenye bitana, la kuvaa mbele ya watu. Nilimpima mimi, futi shingoni mwangu, tukipiga soga, na Rula akaandika hesabu. Alipotoka nikamwachia Rula kitambaa. Alikaa nacho siku tisa. Mkono wa kushoto aliufumua mara tatu, mara ya tatu nikamwambia aache, hakuna atakayeona. Akasema, "Nitaona mimi, Bibi." Koti lilipokwisha nilishona vifungo vinne. Hiyo ndiyo kazi yangu katika koti lile: vifungo vinne.

Mwezi uliofuata Mwalimu wa Ushauri akatuletea habari. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinachukua vijana wawili kujifunza kwenye chumba cha kukatia, kwa mshahara, na ukimaliza unabaki. Msimamizi wa chumba hicho atakuja mwenyewe darasani Jumamosi. Kila anayetaka aje na kazi moja ya mkono wake, na mlezi amsemee. Orodha itafungwa Ijumaa inayofuata.

Rula hakulala vizuri wiki hiyo, nilimwona machoni. Akaniambia angeweza kushona blauzi nyingine, ila blauzi haitaonyesha anachokijua. Kinachoonyesha ni lile koti. Na Mama Mkaguzi ndiye mgeni wa siku hiyo, bila shaka atakuwa amelivaa. "Utanisemea, Bibi?" akauliza.

Nikamjibu, "Nisipokusemea mimi, atakusemea nani?"

Siku yenyewe darasa lilijaa. Vijana sita walikuwa wanawania nafasi mbili. Mbele alikaa Msimamizi, mwanamume mfupi mwenye penseli sikioni, na kando yake Mama Mkaguzi ndani ya koti. Nyuma walijaa walimu, walezi, wazazi, na wateja wangu wawili watatu. Mama mwenye duka la dawa alinipungia mkono. Kijana wa kwanza alileta suruali. Wa pili mkoba. Fundi Bomba alisimama kumsemea binti yake mlelewa, akasema huyu hajui kuchelewa, hata saa ya ukutani inamwogopa, watu wakacheka. Halafu ikaja zamu yetu.

Rula alisimama mikono mitupu. Nikasimama karibu naye. Msimamizi akamuuliza kazi iko wapi, naye akajibu kwa sauti ya kawaida tu, "Ameivaa mgeni."

Watu waliguna. Mama Mkaguzi akageuka, akafungua mikono ili koti lionekane, akasema bila ubaya wowote kwamba mwanangu umekosea, koti hili ameshona Bibi, na ofisi nzima nimeiambia hivyo. Kisha akanitazama mimi. "Au vipi, Bibi?"

Nimerudia dakika hiyo mara nyingi. Maneno nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeyapanga nikioga asubuhi. Lakini niliona macho yote yale, na mama wa duka la dawa akinitabasamia kwa fahari kama vile mimi ni wake, na Mama Mkaguzi akingoja, na nikaona nikisema neno moja nitakuwa tena bibi kizee wa kola za kuinuka. Nikasema:

"Alinisaidia vifungo."

Darasa lote likacheka, kicheko cha watu wazima kwa mtoto aliyejikweza. Fundi Bomba akasema kiwanda kikikosa mtu wa vifungo kisihangaike, kimempata. Msimamizi hakucheka. Alimuuliza Rula kama ana kazi nyingine. Akasema hana. Akakaa. Sikuweza kukaa mara moja, kwa sababu nafasi yangu ilikuwa karibu naye.

Kikao kilipokwisha nilimwona Mwalimu wa Ushauri amemwita pembeni, karibu na dirisha. Alikuwa anazungumza naye taratibu, mkono kifuani, na nilijua anamwambia nini. Alikuwa anamfundisha kusema ukweli. Rula alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaja kuchukua kikapu changu anibebee.

Njiani niliongea sana. Nilisema Mama yule ni mtu mkubwa, asingeweza kuaibishwa mbele ya watu. Nilisema nafasi nyingine zitatokea, yeye bado mdogo. Nilisema hata mimi nilianza na vifungo. Kila nilipomaliza jambo, alisema, "Sawa, Bibi." Sawa hizo nilizihesabu mpaka mlangoni, na hakuna hata moja iliyokuwa na hasira. Ningeisikia hasira yake ningejua pa kushika.

Jumatatu alikuja kama kawaida, akafagia, akatia mafuta kwenye cherehani. Lakini karatasi za saruji hakuzigusa. Aliniletea kitambaa na kuuliza, "Nikate wapi, Bibi?" Nikapiga chaki, akakata palepale kwenye chaki, hata pale ambapo mkono wangu ulitetemeka na mstari ukapinda. Nikamwambia anyooshe kidogo. Akasema anafuata ninavyotaka. Na kola ya Jumatatu ile ikasimama juu kama sikio la mbuzi, yangu kabisa, na mwenyewe alipokuja kuichukua aliishika-shika, akalipa, akaondoka.

Jumatano alikuja Nesi. Alikuja eti kuazima mkasi, lakini Nesi ana mikasi yake. Akasubiri Rula atoke kwenda kununua uzi, akafunga mlango. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea zamani. Akashika kola yake kwa vidole viwili.

"Mwenzangu, nimevaa kola zako miaka ishirini," akasema. "Zote zinatazama juu kama zinasubiri mvua. Nazipenda hivyohivyo. Lile koti limelala."

Nikajaribu kucheka. Hakucheka.

"Ulijua ukanyamaza?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Leo ni Jumatano."

Akauchukua mkasi asiouhitaji akaenda zake. Nilibaki nimekaa kwenye kiti, na aibu niliyokuwa nimeikimbia tangu Jumamosi ikanikalia kifuani. Nilitafuta sababu tena na zote zikanikataa. Si kwamba nilimwogopa Mama Mkaguzi. Nilipenda kusifiwa, basi. Na kulikuwa na jambo jingine baya zaidi, ambalo sikumwambia hata Nesi: akienda kiwandani, mimi nitabaki na mikono yangu.

Alhamisi asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Mama Mkaguzi. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, maana nilijua nikishakaa na kupewa chai nitazunguka. Nilisema koti ni la yule binti, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, mimi nilitia vifungo tu, na nimekuja kuliazima niende nalo kiwandani.

"Kwa hiyo mimi nimemwita mtoto wa watu mwongo," akasema, "mbele ya walimu wangu wote."

"Ni mimi, Mama."

"Wewe ulinipa uongo. Mdomo ulikuwa wangu." Akaingia ndani, akanitolea koti kwenye mfuko, akanikabidhi kama mtu anavyokabidhi ushahidi polisi. Hakuniambia karibu tena.

Kiwandani mlinzi aliniweka kwenye benchi mpaka karibu saa sita. Msimamizi alipokuja alinikumbuka. Alinipeleka hadi chumba chenyewe, chumba kirefu chenye meza ndefu kama barabara, vitambaa vimepangwa tabaka juu ya tabaka, na vijana pande zote mbili. Nikamweleza, na nilieleza vibaya, nikianza katikati na kurudi nyuma. Akanisikiliza akizungusha penseli.

"Jumamosi uliniambia hivi, leo unaniambia vile," akasema. "Mimi nichukue neno lipi, Bibi? Labda leo ndipo unapomwonea huruma."

Lilikuwa swali la haki. Akatandaza koti mezani, akageuza kola, akasukuma kwangu karatasi safi na rula. "Hii kola. Nichoree."

Vijana walikuwa wameacha kazi. Nilichukua penseli. Sijui nilitegemea nini. Labda mkono ungejua peke yake, kama unavyojua kutia uzi. Nilipiga mstari mmoja, nikapiga wa pili, ikawa kitu kama sahani iliyovunjika. Nyuma yangu mtu alikohoa kwa namna ile ya kuficha kicheko. Nikaweka penseli chini.

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kujua. Ninakata kwa jicho. Yeye ndiye anayejua."

Neno sijui sikuwa nimelisema juu ya nguo tangu nikiwa mwanafunzi. Nilidhani litaniua. Halikuniua, ila lilinivua, nikasimama pale mbele ya watoto wale kama niko na kamisi tu.

Msimamizi alipapasa ule mkono wa kushoto wa koti, ule uliofumuliwa mara tatu. Akasema nafasi zote mbili ameshazipa majina, na hawezi kumfuta mtu kwa sababu ya dhambi ya bibi wa mtu mwingine. Anachoweza ni hiki: Jumatatu saa moja wote watatu waje, awape karatasi na kitambaa kimoja, na atakayekuwa wa tatu atarudi nyumbani. "Mwambie asichelewe," akasema. "Na koti umrudishie mwenyewe, lina mkono mzuri."

Nilipofika nyumbani Rula alikuwa anashona pindo. Nilimwambia yote, na safari hii nilianza mwanzo. Nilimwambia nimekwenda kwa Mama, nimekwenda kiwandani, nimeambiwa nichore nikashindwa. Nikamwomba msamaha. Sikumwita mjukuu wangu. Nilihisi jina hilo nalo ningekuwa nalichukua bila haki.

Hakuinua macho mpaka alipomaliza pindo na kukata uzi. "Nilikuwa nakuonea fahari, Bibi," akasema. "Wale wenzangu wa chumbani nilikuwa nawaambia habari zako kila siku. Jumamosi walinisubiri niwaelezee."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia tumechelewa kufika." Akakunja nguo. "Nitakwenda Jumatatu. Ila usije. Nitajisemea."

Nikasema sawa. Ilikuwa zamu yangu ya kusema sawa.

Jumatatu nilifungua chumba peke yangu. Sikushona chochote, nilipanga vifungo kwenye makopo kwa rangi, nikavichanganya, nikavipanga tena. Alasiri akaja. Hakuingia, alisimama kizingitini na mkoba wake. Akaniambia amepata, anaanza kesho. Yule kijana aliyeleta mkoba siku ile darasani ndiye aliyerudi nyumbani, alilia sana, na Rula alimpa namba yangu kwamba labda nitamchukua. Alisema hivyo bila kejeli, na ndivyo nilivyojua kwamba hata sasa alikuwa ananifikiria vizuri kuliko nilivyostahili.

Nilitaka kumkumbatia, nikaishia kusema hongera. Akaingia kuchukua vitu vyake. Zile karatasi za saruji alizitoa zote chini ya meza, akazitenga mafungu mawili. Fungu kubwa akaniachia. Alikuwa ameandika jina la kila mteja kwa herufi kubwa, ili nisome bila taabu.

"Hizi ni za wateja wako. Ukizifuata, kola italala."

Ningeweza kusema asante. Ilikuwa rahisi. "Sijui kuzifuata," nikasema.

Akazitazama zile karatasi, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile uso wake ukabadilika, sijui ni huzuni au ni uchovu. Akasema Jumapili ana nafasi asubuhi. Atakuja kunionyesha, mara mbili au tatu, mpaka nishike. "Lakini watakapokuuliza, Bibi, utawaambia umefundishwa na nani?"

"Nitawaambia ni wewe."

Hakusema kama ameniamini. Alifunga mkoba, akaniaga kwa adabu ileile ya siku zote, akashuka ngazi. Mama wa duka la dawa alikuwa anapanda, mfuko wa kitambaa kipya mkononi, wakasalimiana. Akaingia akiwa ameshaanza kunisifia kabla hajakaa. Mlango ulikuwa wazi na hatua za Rula bado zinasikika chini. Nikamwambia yule mama akae kwanza, kuna jambo nataka kumwambia juu ya blauzi yake. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Hatua hazikusimama.